Tulivyofichana Nepi ya Mghoi

Shella, Malindi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa jikoni karibu na moto, kifua kimetulia, na ule ukungu wa asubuhi haujakushinda nguvu. Je, ng'ombe amezaa? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba tumbo limemshuka, nami tangu hapo nimekuwa nikimwaza kama jamaa yangu. Sisi huku hatujambo wote watatu. Jua ni lile lile, na mkweo Mwadime bado ni fundi wa mabomba katika hoteli ile ile ya wageni huko ufuoni. Anakusalimia, na anasema ile jaketi uliyomshonea ameitundika ukutani, kwa sababu akiivaa Malindi watu watampeleka hospitali.

Ikiwa anayekusomea ni kaka Mwakio, namwomba akupe barua mkononi kisha akakutafutie miwani. Yaliyomo humu ni ya mama na binti yake, si ya kusomwa kwa sauti ya mwalimu inayofika hadi kwa jirani. Najua sasa amekasirika. Mwakio, nenda ukasahihishe madaftari. Nasikia huu mfumo mpya wa miaka minane umewatia hata kufundisha useremala.

Haya, sasa tumebaki wawili.

Mama, najua umeninunia, na una haki. Krismasi tatu zimepita bila mimi kupanda mlima kuja nyumbani. Umeandika kwamba bahari imenimeza, na kwamba mjukuu wako unamjua kwa picha tu, tena kila picha mtoto amevishwa gauni pana kama hema la mkutano wa injili. Uliuliza kama huku hakuna nguo za kipimo chake. Zipo. Lile gauni lilikuwa linaficha kitu, nami nilikuwa nakuficha wewe kitu hicho hicho. Leo nakueleza kwa sababu leo nina habari njema sana, na habari yenyewe haitakuwa na ladha usipojua ilikotoka.

Mghoi alizaliwa bila tundu la haja kubwa.

Nimeyaandika maneno hayo nikaweka kalamu chini, nikanywa maji. Usishtuke. Mtoto mwenyewe yuko hapa mbele yangu, anamlisha paka wali kwa kijiko changu kizuri. Soma pole pole.

Unajua alizaliwa wakati wa masika. Tulikuwa tumetoka mtaa wa Kisumu Ndogo, tukapanga chumba hapa Shella kwa Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mjane wa Kiislamu, mwenyeji wa hapa, umri wako au zaidi kidogo. Mwadime alikwenda kumtengenezea bomba, akarudi na chumba. Uchungu ulinishika saa nne asubuhi, njia imejaa maji, gari halipatikani, na Bi Zuhura, ambaye amezalisha nusu ya mtaa huu, akakunja mikono ya kanzu yake. Adhana ya adhuhuri ilipoadhiniwa, Mghoi alikuwa akishindana nayo kwa kilio.

Huku pwani, mzazi hutunzwa siku arobaini. Sikutoka nje, nilikandwa kwa maji ya moto, nilinyweshwa uji wa pilipili manga hadi machozi yakanitoka. Na katika siku hizo habari mbaya haimfikii mzazi. Hata kama amefiwa, hata kama nyumba ya kaka yake imeungua, haambiwi mpaka arobaini zitimie, kwa maana wanasema huzuni hukausha maziwa. Nilipoelezwa nikaona ni desturi nzuri mno. Kwetu, siku ya tatu ningekuwa nimekwisha kujua kila aliyegombana na mwenziwe kuanzia kanisani hadi sokoni.

Basi siku ya pili, Bi Zuhura alipokuwa akimwosha mtoto, aliona. Pale panapopaswa kuwa na njia palikuwa na ngozi laini tu, na kijishimo kama cha shavuni. Choo kilikuwa kikitoka, lakini kilitoka kwa kijitundu kidogo upande wa mbele, jirani kabisa na tupu ya mbele. Kwa kuwa kilitoka, alisema moyoni kwamba mtoto anaweza kungoja siku kadhaa. Akamwita Mwadime uani, akamweleza, wakaapizana kwamba mimi sitaambiwa mpaka arobaini, na kwamba siku ya arobaini na moja wote tutakwenda hospitali.

Mimi nikaona siku ya nne. Walikuwa wametoka wote, nikambadilisha mwenyewe. Nikamgeuza, nikatafuta. Nikampangusa, nikatafuta tena. Mama, hapakuwa na njia. Nilidhani Bi Zuhura akijua atasema tumemletea mkosi nyumbani. Nilidhani Mwadime atauliza ni nani katika ukoo wetu aliyezaliwa hivyo. Nikaamua kunyamaza mpaka nipate nguvu, arobaini zikiisha nimbebe mwanangu peke yangu hospitali. Kwa hiyo nyumba moja, watu wazima watatu, siri moja, na kila mmoja anajiona yeye ndiye anayewalinda wenzake.

Ungetuona ungecheka mpaka ukashika mbavu. Bi Zuhura hataki nibadilishe nepi, nisije nikaona. Mimi sitaki abadilishe yeye, asije akaona. Mtoto akijikunja tu, tunaruka wote wawili. Yeye ananiambia nilale, mifupa yangu bado i wazi. Mimi namwambia amechoka, akae barazani apumzike. Siku moja tuliishika nepi moja, yeye pembe hii na mimi pembe ile, tunavutana huku tunatabasamiana kama watu wanaokunja shuka, mpaka pini ikafyatuka ikamchoma kidole. Wageni wakija kumtazama mtoto tulimzingira kama askari wa benki. Hakuna aliyeruhusiwa kumshika chini ya kifua.

Naye Mwadime aliingia kila jioni akipiga mluzi wa nyimbo za kanisa ambazo hajui hata moja vizuri, mkononi ana machungwa. Alipomtazama mtoto, alimtazama usoni tu. Nikasema huyu alitaka mtoto wa kiume, nikamnunia. Yeye akadhani nimenuna kwa uchovu wa uzazi, akaongeza machungwa. Chumba kizima kilinuka machungwa.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Siku ya thelathini na moja tumbo la Mghoi lilikuwa limevimba na kukaza. Kile kijitundu hakikumtosha. Alikuwa akijikamua hadi anatetemeka, siku ya pili hiyo hatoi kitu, kisha akakataa titi. Alipolikataa titi, aibu yangu yote iliisha palepale. Nikatoka naye uani. Bi Zuhura alikuwa anapepeta mchele.

"Bi Zuhura," nikamwambia, "mtoto ana ila. Nimekuficha tangu siku ya nne."

Akaweka ungo chini. "Mimi nnaijua tangu ya pili, mwanangu. Nalikuwa nakungojea utimize arobaini zako."

"Na Mwadime?"

"Mume wako hulia bafuni kila siku. Wewe wadhani aoga."

Mama, sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Tulikaa pale chini tumeshikana, mchele umemwagika, kuku wanatuokotea. Kisha Bi Zuhura akasimama, akavaa buibui lake, na akasema neno ambalo wengi wa umri wake hawalisemi upesi. Alisema amekosa. "Desturi ni ya kumtunza mzazi," akasema. "Mimi nimeitunza desturi, nikamsahau mtoto." Akatoka mwenyewe kutafuta gari.

Hapa Malindi walimtazama mara moja wakatupeleka Mombasa, hospitali kubwa. Wauguzi wakapitisha mpira mwembamba kwenye kile kijitundu, wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu, tumbo likalainika, na jioni hiyo alinyonya kama aliyetoka kulima. Asubuhi tukamwona daktari wa upasuaji. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vyembamba vya fundi cherehani. Wala hakuanza na pale tulipokuja kumwonyesha. Alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. Alimpima mikono, akamhesabu vidole, akaniuliza kama hupaliwa anyonyapo. Wakampiga picha ya uti wa mgongo, wakamtia dawa mshipani wakapiga picha ya figo. Nikamuuliza, daktari, mbona unatafuta huku na tatizo liko kule? Akasema ila hii mara nyingi haitembei peke yake, hupenda kuvuta wenzake, na ni heri kuwajua wote waliokuja naye kabla ya kuanza kazi.

Tulipata wawili. Figo moja ya Mghoi ni ndogo na haifanyi kazi, lakini daktari alisema ile nyingine inatosha, watu wengi huzeeka na moja bila hata kujua. Moyo ni mzima. Jambo la pili ndilo lililotunyima usingizi miaka hii yote. Kile kifupa cha mwisho cha mgongo, cha mkiani, ni kifupi kuliko kawaida.

Akachukua karatasi akatuchorea. Mwadime, unamjua, hawezi kuona mchoro wa bomba akanyamaza. Alimnyang'anya daktari kalamu, kwa adabu, akauliza ikiwa wataleta bomba mpaka mahali pake na kulitoboa, je, koki iko wapi? Nilitamani nijifiche chini ya meza. Daktari akacheka, akasema hilo ndilo swali lenyewe. Njia anaweza kuitengeneza. Ile koki, ambayo ni nyama inayobana na kuachia, Mungu ameiweka, lakini hupata habari zake kwa mishipa inayopita mkiani, na kwa mtoto mwenye kifupa kifupi huenda habari hizo zisifike. Kwa hiyo Mghoi huenda akajua choo kinapokuja na akakizuia, na huenda asijue maisha yake yote. "Siahidi," alituambia. "Mpaka afike miaka mitatu hivi tutakuwa tumejua."

Tangu siku hiyo, Mama, sala yangu ikawa moja. Sikuomba awe mrembo wala awe na akili. Niliomba siku moja aniambie anataka choo.

Nilimuuliza daktari pia kosa langu ni nini. Nilikuwa na orodha. Kulikuwa na maembe mabichi ya chumvi, na mafurushi ya mashuka niliyobeba nilipokuwa nikipiga pasi hotelini. Kisha kuna yule rafiki yangu wa Gede, tuliyekuwa tukipiga pasi pamoja, aliyeniambia kwamba ni kwa sababu nilikwenda kutembea kwenye magofu nikiwa na mimba, na majini wenyewe wa pale hawapendi. Daktari alisikiliza yote bila kunicheka. Akasema mtoto anapokuwa tumboni bado ni mdogo kuliko harage, njia ya haja na ya mkojo huwa kitu kimoja, kisha hutengana, na kwa wachache kutengana huko hakukamiliki. Wakati huo mama mara nyingi hata hajajua kuwa ana mimba. Na kuhusu magofu, akasema kama ingekuwa hivyo basi watoto wote wa Gede angewajua kwa majina. Nikatoka pale nimetua mzigo ambao hakuna aliyejua nimeubeba.

Kwanza walimtoboa tumboni upande wa kushoto, wakautoa utumbo nje kidogo ili choo kipitie hapo, huku akisubiri kukua. Palikuwa na kitu chekundu, laini, kama midomo iliyofumbwa. Bi Zuhura alikiita kidomo, nasi tukafuata. Mifuko ya kukingia haikupatikana, kwa hiyo tulitumia vitambaa vya kanga kuukuu, na Mwadime akakata pete ya mpira laini wa kazini ikakizunguka kidomo, kitambaa juu, mkanda juu yake, gauni juu ya vyote. Muuguzi mmoja aliipenda ile pete akamwombea mama mwingine. Mwadime akatengeneza nane. Kwa muda alikuwa mtu mashuhuri katika wodi ile kuliko madaktari.

Basi sasa umejua gauni lilikuwa la nini.

Nilitaka kukuandikia, Mama. Nilianza barua mara tatu. Niliogopa utapanda gari uje, na kifua chako, katika joto hili. Nami, niseme kweli, niliogopa kusikia kutoka kwako yale maneno niliyokwisha kuyasikia kwa wengine; kwa wengine niliweza kuyavumilia. Nisamehe. Nilikulaza nawe kitandani siku arobaini nisikupe habari mbaya, kisha siku zikapita nikashindwa kukuamsha.

Operesheni kubwa ilifanywa baada ya mwaka na miezi. Tulipangiwa mara mbili tukarudishwa, mara moja kwa sababu ya homa, mara moja kwa sababu nyuzi zilikuwa zimekwisha. Daktari aliifanya kwa njia mpya, akipitia nyuma, katikati kabisa, ili aione ile nyama na kuipitisha njia ndani yake, wala si pembeni. Alipotoka, Mwadime hakumuuliza kama mtoto ni mzima. Alimuuliza kama koki ameiona. Daktari akasema ameiona, si nene sana, lakini ipo.

Njia mpya hutaka kuziba yenyewe, kwa hiyo ilitubidi kuipanua kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi. Vyuma vya kuipanulia hospitalini vilikuwa vichache, muuguzi akatufundisha kutumia mishumaa. Unaanza na mwembamba, ncha umeilainisha kwa maji ya moto, mafuta tele, kisha wiki kwa wiki unanenepesha. Siku za kwanza Mghoi alilia nami nikalia, Bi Zuhura akatuimbia sote wawili, na Mwadime akaenda kusimama barabarani. Baadaye alizoea akawa anauleta mshumaa mwenyewe. Mwenye duka la hapo kona hakuelewa. Alimwambia Bi Zuhura, nyumba yako ina stima, mbona mwanunua mishumaa kila wiki, tena mwachagua unene? Bi Zuhura akamwambia auze, asiulize.

Mwishoni mwa mwaka jana walikirudisha kidomo ndani wakapashona. Siku choo kilipotoka kwa njia yake mara ya kwanza, Mwadime alinunua soda za wodi nzima. Furaha ile haikudumu sana, Mama. Kilitoka, ndiyo, lakini kilitoka bila hodi. Mghoi akicheza, kimetoka. Akilala, kimetoka. Alikuwa anatushangaa tunapombadilisha, kana kwamba ni mambo ya mtu mwingine. Kila baada ya chakula tulimkalisha kwenye poti kama daktari alivyoagiza, papai asubuhi, maji mengi, Bi Zuhura akimsimulia hadithi za sungura ili asiinuke. Mwezi ukapita, wa pili, wa tano. Watoto wa mtaani wakaanza kusema Mghoi ananuka. Kuna msichana mmoja wa jirani aliyekuwa akicheza naye kila siku, akaacha kuja, nami nilimsikia mama yake akimwita ndani. Nilitaka kwenda kugombana. Bi Zuhura akanishika mkono, akasema nimpe paka wa kucheza naye. Ndiye huyu anayekula wali wangu.

Mwezi ujao Mghoi anatimiza miaka mitatu, na hesabu ya daktari nilikuwa naijua. Nilianza kumshonea suruali za akiba nyingi za baadaye, kubwa kubwa, za umri wa shule. Mwadime alinikuta nazo. Hakupiga hata mluzi.

Sasa nataka kukupa habari ya leo, lakini nikikupa sitakuwa na nguvu ya salamu, kwa hiyo wacha nitangulize salamu. Msalimie Baba mkubwa Mwandawiro, mwambie dawa ya meno niliyomtumia ni ya kusugulia, asiimeze. Msalimie shangazi yangu wa kilabu cha kinamama, na mke wa kaka Mwakio, na mwalimu wangu wa shule ya Jumapili ikiwa bado anaona. Msalimie mama mkwe ukimkuta sokoni, naye nitamwandikia barua yake wiki hii, usiseme kitu kwanza. Bi Zuhura anakusalimia sana. Anakuita dada yake, na anasema mlima si mbali, watu ndio huufanya mbali.

Haya.

Leo asubuhi tulikwenda ibadani. Kanisa letu hapa ni dogo, la mabati, tulio wengi ni watu wa bara, na siku hizi tunakaa benchi la nyuma karibu na mlango, unajua kwa nini. Mchungaji akaomba tuinamishe vichwa tuombe kimya kimya, kila mtu na haja yake. Palikuwa kimya hata unasikia mabati yakitanuka kwa jua. Nikahisi gauni langu linavutwa.

"Mama, nataka choo," akasema Mghoi, kwa sauti yake yote.

Nikampapasa upesi, maana nilijua tumechelewa kama siku zote. Alikuwa mkavu. Nikamnong'oneza, "Umeshakwenda?"

"Bado," akasema. "Kinakuja."

Mama, neno hilo nililingoja karibu miaka mitatu. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka Mwadime aliruka benchi vitabu vya nyimbo vikaanguka, na mama mchungaji, ambaye alikwenda nasi Mombasa mara mbili, akasimama bila kungoja amina, na wanawake wawili nyuma yake. Tulitoka mbio kwenye jua, mimi nimembeba, wao wananifuata wameshika vilemba. Nyuma ya kanisa kuna choo kidogo cha watoto wa shule ya Jumapili, mlango wake wa mbao unafika kifuani pangu. Nikamweka chini. Alikuwa amekibana, Mama. Uso umekunjamana, miguu imefungamana, amekibana mwenyewe. Kumbe habari zinafika.

Akachuchumaa. Sisi tukasimama mlangoni watu watano, tumeinama, tunatazama. Hatukuona ubaya. Mtoto huyu ametazamwa tangu azaliwe. Ametazamwa na madaktari, na wanafunzi wa udaktari waliomzunguka kumi kumi, na wauguzi, na kila mwanamke wa mtaa huu. Kwa muda mrefu alikuwa akimwona mtu aliyevaa nguo nyeupe, hata mpishi wa hoteli, analala chini mwenyewe na kufunua gauni, kwa kuwa alidhani ndivyo watu wanavyosalimiana. Hakuwahi kukataa kutazamwa. Sikujua kama anajua kwamba inawezekana kukataa.

Akainua kichwa akatuona wote pale, baba yake, mimi, mama mchungaji na wale wawili. Akakunja uso.

"Mama, funga mlango. Msinitazame."

Nikaufunga.

Binti yako,
Wakesho